Anacleto, Aliyeitwa Mara Mbili

Mwalimu wa shule yetu alinisomea kile kitabu cha mzungu chote, tangu jalada hadi mwisho, siku tatu mfululizo, mimi nikisokota sufu. Kitabu kimeigawa nchi yetu mikoa tisa. Milima imepangwa kwa urefu kama watoto mstarini, na sikukuu zimepangwa kwa miezi, msafiri ajue mwezi gani aende wapi akacheze na nani. Ni kizuri, sikatai. Picha za rangi zimo. Ndugu yangu naye yumo, kwenye ukurasa wa mlima wetu, Janku Tata. Amepewa mistari miwili: kwamba njia ya kuuzunguka mlima ni ya siku nne, na kwamba wakati wa mvua haifai kuipita, kwa kuwa mwenyeji mmoja alipigwa na radi akafa.

Mwenyeji mmoja! Nilimwambia mwalimu arudie. Akarudia. Ilikuwa vilevile.

Basi mwenyeji huyo jina lake ni Anacleto Chuquimia wa Wilakala, mwana wa Melchor Chuquimia na Petrona Yujra, na mimi Basilia ndiye dada yake. Nilimbeba mgongoni kabla hajaota meno. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, mimi kumi na mitatu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemlisha, aliyemchapa wala aliyemfuta kamasi ila mimi. Nani atasema habari zake kunishinda?

Kwanza, sisi wa Wilakala hatuna mikoa tisa. Nchi kwetu ni tatu: juu kwenye viazi na lama, wanyama wetu wa sufu, katikati kwenye mahindi, na chini kabisa kwenye joto, kwenye koka na machungwa. Juu ya zote tatu amekaa Janku Tata, ambaye ni babu yetu sote, na hapendi kusahauliwa. Anacleto alizijua nchi zote tatu kwa nyayo zake. Alikuwa na nyumbu sita. Alishusha chumvi na nyama kavu, akapandisha koka na matunda, na wazungu walipoanza kuja kutazama theluji akawapeleka na wao. Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kama mtu aliyezaliwa juu ya tandiko. Na alipenda uongo. Aliwaambia wageni kwamba kwenye sikukuu ya kijiji fulani bibi harusi hupimwa uzito na kondoo, akipungua anarudishwa kwao. Wakaandika! Mimi namkanyaga mguu chini ya meza, yeye anaendelea.

Mkono wake wa kushoto haukuwa na hisia. Alikuwa anautumbukiza kwenye sufuria inayochemka akitoa viazi kimoja kimoja, na watoto wa jirani walikuja kutazama wakipiga makelele. Watu wakicheka, mimi nilikuwa natoka nje. Kwa sababu mkono ule niliuharibu mimi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa Januari, adhuhuri, yuko malishoni na lama wetu, mimi niko bondeni kwenye kijito naosha sufu. Radi ilipiga juu yangu hivi, nikasikia meno yanauma. Nilipoinua kichwa niliona lama saba wamelala miguu juu, na ndugu yangu katikati yao, kofia yake inafuka moshi.

Kwetu kila mtoto anajua la kufanya. Mtu akipigwa na radi hatazamwi. Unageuka, unafunika uso, unakaa kimya. Radi ya kwanza humuua mtu. Ya pili humkatakata vipande. Ya tatu humkusanya na kumrudisha, na akirudi ni mganga, anasoma majani ya koka na kuwatibu watu maisha yake yote. Ndivyo waganga wetu wote walivyopatikana. Lakini jicho la mtu likimwangukia kabla ya ile ya tatu, kazi inakatika palepale alipofikiwa.

Nilijua hayo kama ninavyolijua jina langu. Na nikatazama. Nikakimbia juu mikono imelowa, nikamkuta hapumui, midomo ya bluu. Nikampanda juu, nikampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikamtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Sijui kwa muda gani. Mwishowe akakohoa, akafumbua macho, akaniambia, "Dada, nimekosa nini tena?"

Siku ya tatu akaja Tata Sabino, mganga wetu wa wakati huo, mzee mwembamba asiyecheka. Akatandika kitambaa, akamwaga majani ya koka, akayatazama sana.

"Nani alimwangalia huyu?"

"Mimi," nikasema. Sikuwahi kuficha jambo.

"Umemkatiza njiani. Mganga hakuwa, na mtu wa kawaida harudi kuwa tena." Akaufinya mkono wa kushoto wa Anacleto kwa kucha hadi damu ikatoka, na Anacleto hakugeuka hata kutazama. "Unaona? Sehemu imebaki huko. Ameitwa na hakufika. Ataitwa tena, Basilia. Safari hiyo shika macho yako."

Tangu hapo kijiji kikaniita Basilia Macho. Kisimani, sokoni, hata kanisani. Mtoto akiugua na mganga akishindwa, utasikia mtu anasema, tungekuwa na waganga wawili, lakini kuna mtu hapa na macho yake. Nilivumilia. Mimi si wa kuinamisha kichwa.

Nikaweka sheria nyumbani. Tangu sikukuu ya Wafu, Novemba, hadi karnivali, zile ngoma za kabla ya Kwaresima, wakati wote wa mvua, Anacleto havuki ukuta wa mawe wa shamba la mwisho. Ngurumo ikisikika, anaingia ghala la viazi, nafunika vioo, nafukuza mbwa mlangoni, namfunika yeye kichwa kwa blanketi. Akasuka kamba, akashona matandiko. Kiangazi alikuwa mwendesha nyumbu hodari kuliko wote upande huu wa mlima. Mvua ikianza alikuwa mtu wa ghalani. Hivyo miaka ishirini na miwili.

Akaoa. Mkewe, Nicolasa, alitoka kwenye migodi ya bati huko kusini, baba yake alikuwa mchimbaji. Mwanamke mrefu, mkavu, mfanyakazi. Wakazaa mabinti wawili, Justa na Fidelia. Mimi na wifi yangu tulikaa nyumba moja na tukachokozana kila siku iliyopambazuka, na sikumbuki siku tuliyolala bila kula pamoja.

Ndipo mzungu akaja, wiki ya mwisho ya Januari, juu ya lori la unga. Jina lake Emil. Mtu wa miaka thelathini hivi, ndevu nyekundu, daftari limefungwa kwa kamba shingoni. Kihispania alikisema vizuri kuliko mimi, maana lugha yangu mimi ni Kiaymara. Alisema anaandika kitabu cha kuwajulisha wasafiri nchi yetu, mikoa yake, milima yake na sikukuu zake, na kwamba ameshaandika sikukuu kumi na nane, lakini ile ya Mama Kandelaria, upande wa pili wa Janku Tata, hakuna kitabu kilicho nayo. Ni tarehe mbili Februari. Wachezaji wa juu hushuka, wa chini hupanda, wanakutana kwenye kanisa dogo lililo chini ya theluji. Alitaka kufika kwa njia ya shingo ya mlima, pale pa kuvukia kati ya vilele, aione yote.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwetu kumtazama. Alikuwepo Hilarion Poma, mwenye nyumbu naye, mtu wa maneno mengi.

"Mimi siwezi, bwana," Hilarion akasema. "Mwaka huu nacheza, nimevaa kinyago tangu juzi. Mchukue Don Anacleto. Njia anaijua hata akifumba macho. Kazi ni kumtoa ghalani tu."

Watu wakacheka.

"Ghalani?" mzungu akauliza.

"Anaatamia viazi. Karnivali vitaanguliwa."

"Hilarion," Anacleto akasema, taratibu, anaendelea kusuka kamba, "yule nyumbu wako wa kijivu nilimwona jana. Aliniomba nimtafutie mwenyewe mwingine. Alisema anayempanda sasa anamzidi masikio."

Wakacheka zaidi, Hilarion naye akacheka. Lakini nilimwona ndugu yangu uso. Haukuwa umecheka.

Mzungu akasema, "Nitaandika kwenye kitabu kwamba anayeipita njia hii amtafute Anacleto Chuquimia. Jina na kijiji."

"Hata wakati wa mvua?"

"Sikukuu ni wakati wa mvua."

Anacleto akaweka kamba chini. "Kesho kutwa alfajiri," akasema.

Nikamfuata jikoni nikafunga mlango. Nicolasa alikuwa anamenya viazi.

"Huendi," nikamwambia.

"Naenda, Dada."

"Tata Sabino alisema nini?"

"Tata Sabino amekufa kwa tumbo miaka tisa iliyopita. Hakuona hata lake." Kisha akapunguza sauti. "Dada, nina miaka arobaini na moja. Nusu ya maisha yangu nimekaa chini ya blanketi lako. Wanangu wananiletea uji ghalani kama mfungwa. Unajua Fidelia aliniuliza nini? Aliniuliza kama nikitoka nitayeyuka."

"Heri uyeyuke ghalani."

"Mwache aende, wifi," Nicolasa akasema bila kuinua kichwa. "Radi haina orodha ya majina."

"Wewe umetoka mashimoni. Mambo ya juu unayajulia wapi?"

"Ya juu siyajui. Nakujua wewe. Ungemtia ndani ya gunia usingemtoa."

"Kama anakwenda, nami nakwenda," nikasema.

"Wewe!" Anacleto akacheka kweli sasa, akanishika bega kwa ule mkono mzima. "Haya, Mama Mkuu. Lakini blanketi liache."

Jioni ile nilimwaga majani ya koka mwenyewe, ingawa si kazi yangu. Yakaanguka yote kifudifudi. Nikayakusanya, nikamwaga tena. Yakaanguka kifudifudi. Sikumwaga mara ya tatu. Nilitayarisha kifurushi cha kumpa Janku Tata: mafuta ya lama, ubani, peremende, majani kumi na mawili yasiyo na tundu. Nikafunga vizuri kuliko wakati wowote.

Tulitoka na nyumbu watatu. Kwenye ukuta wa mawe wa shamba la mwisho Anacleto alisimama. Alisimama pale kidogo, anautazama kama mtu aliyefika mtoni. Kisha akauruka. Hakupita kwenye pengo wanapopita wanyama, aliuruka, na mguu ukagusa jiwe la juu likaanguka. Nikalirudisha mahali pake. Yeye hakuniona.

Siku ile ya kwanza ilikuwa njema, na ndiyo iliyonitisha. Mbingu ilikuwa tupu, bluu ya kuumiza macho, Januari hiyo! Hakuna hata ndege. Anacleto alikuwa kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Aliimba. Alimwonyesha mzungu kila kilele na kumpa jina na ukoo: huyu amemwoa yule, wale wawili waligombania ziwa, yule aliyepinda alikatwa kichwa na kaka yake kwa kombeo. Haya yalikuwa kweli, ndivyo tunavyosimulia. Halafu akaingiza yake.

"Na Janku Tata?" mzungu akauliza, kalamu mkononi.

"Huyo anakula. Wazungu wawili kila mwaka. Mwaka huu hajala bado."

Mzungu akaacha kuandika. "Na asipopata mzungu?"

"Anakula aliye karibu."

"Funga mdomo," nikamwambia kwa Kiaymara. "Anakusikia."

"Ndiyo, acha asikie. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, sina blanketi." Akageuka kwa mzungu. "Dada yangu anasema ndevu zako ni nzuri."

Tulilala kwenye kibanda cha wachungaji. Asubuhi yake tukaanza kupanda shingo ya mlima. Kufikia saa tano Janku Tata alikuwa amevaa kofia ya wingu, ndogo, nyeupe, imekaa upande. Kufikia saa sita kofia ilikuwa nyeusi na imeshuka mabegani. Nilimwambia Anacleto turudi kibandani. Akasema rundo la mawe la sadaka, lililo juu kabisa ya shingo, liko karibu, tukifika tutatoa kifurushi chetu na kuteremka upande wa pili kabla haijaanza. Alikuwa amesema kweli, ilibaki mwendo wa kuchemsha birika. Lakini hakuimba tena.

Mzungu alikuwa na hema lenye fito za chuma, amezifunga pamoja juu ya nyumbu wa mbele. Tulipokuwa chini kidogo ya rundo la mawe, fito zile zikaanza kulia. Sauti ndogo, kama nzi aliyefungwa ndani ya chupa. Nikaona manyoya ya shingo ya nyumbu yanasimama. Nikahisi nywele zangu zinatambaa chini ya kofia.

"Ni nini hicho?" mzungu akauliza.

Mvua ya mawe ikaanza mara moja, kubwa kama maharage, ikatuchapa nyuso. Kulikuwa na mwamba umejitokeza kama paa. Nilimvuta mzungu tukaingia chini yake. Anacleto alikuwa ameshika kamba ya nyumbu wa mbele, mnyama amekwama anatetemeka, hataki kwenda mbele wala kurudi.

"Mwache!" nikapiga kelele. "Anacleto! Mwachie huyo!"

"Ana chakula chote!" akajibu. Akaanza kufungua fito azitupe. Alikuwa hatua thelathini kutoka kwetu. Nilimwona anavuta fundo kwa meno, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza mafundo.

Sikusikia sauti. Niliona nyeupe tu, kisha harufu ya manyoya. Nyumbu alikuwa chini. Ndugu yangu alikuwa chini.

Nikageuka. Naapa kwa mama aliyenizaa, nikageuka papo hapo, uso kwenye mwamba, nikafunga macho. Mzungu yeye akaruka kwenda. Nilimdaka mguu. Akaanguka kifudifudi, nikamwangukia mgongoni, nikamfunika kichwa kwa shali yangu. Nilikuwa na miaka hamsini, nilikuwa nabeba magunia.

"Niache! Mama, niache, amepigwa!"

"Usimtazame!"

"Nini?"

"Usimtazame! Hii ni ya kwanza. Zimebaki mbili. Ukimtazama hatarudi!"

"Atakufa, mama! Labda anapumua!"

"Tayari amekufa! Ndiyo kazi ya radi ya kwanza! Lala!"

Akapigana. Alinipiga kiwiko hapa mbavuni, hadi leo baridi ikija panauma. Sikuachia. Niliyajua maneno ya Tata Sabino yote, moja moja. Shika macho yako. Miaka ishirini na miwili nilibebeshwa yale macho, na safari hii nilikuwa nimeyashika. Nilikuwa naomba. Nilimwambia Janku Tata, mchukue, mkate, mkusanye, unirudishie mzima, hata akiwa mganga, hata akinisahau.

Ya pili ikapiga. Ilikuwa mbali kidogo, upande wa barafu, lakini ilipiga. Nikasema, "Mbili." Mzungu alikuwa analia chini yangu.

Tukangoja ya tatu.

Mvua ya mawe ikapungua. Kukawa kimya, ule ukimya wa huko juu ambao unasikia damu yako mwenyewe. Na ndani ya ukimya huo nikasikia changarawe. Kitu kinakwangua changarawe, polepole, kinaacha, kinakwangua tena. Mzungu naye akasikia, kwa sababu aliacha kulia, mwili wote ukakakamaa.

"Unasikia?" akanong'ona. "Mama. Anajongea. Unasikia?"

Nilisikia.

"Anakusanywa," nikasema. "Nyamaza."

Ikakwangua mara nyingine. Kisha ikaacha.

Ya tatu haikuja. Ngurumo ilisogea kuelekea mabonde ya joto, ikawa kama mtu anaburuta sanduku chumba cha pili. Nikangoja. Nikangoja hadi jua likatoka na mwamba ukaanza kutiririka maji. Hapo ndipo mkono wangu ulipolegea na mzungu akatoka.

Alikuwa amekufa. Hakuwa na alama kubwa, soli ya kiatu kimoja tu ilikuwa imepasuka. Alikuwa amelala kwa tumbo, uso umeelekea tulipokuwa sisi. Mkono wa kulia ulikuwa mbele yake, na kwenye changarawe kulikuwa na mitaro minne, mirefu kama shibiri, pale vidole vilipopita. Mzungu alimgeuza, akampiga kifua, akampulizia pumzi mdomoni, mara nyingi, nami nimesimama. Alikuwa wa uvuguvugu bado, mzungu alisema. Mimi sikumgusa hadi alipochoka.

Kifurushi nilikitoa kwenye rundo la mawe. Sikujua la kufanya nacho jingine.

Tulimrudisha juu ya nyumbu wa pili, tukalala tena kibandani, tukafika Wilakala siku ya pili mchana. Sikukuu ya Mama Kandelaria mzungu hakuiona. Tulipofika ukuta wa mawe aligeuka akaniuliza, kwa upole, "Mama, hukutaka apone?" Nilimwambia, "Nilitaka apone mzima." Akaandika? Sijui. Aliondoka na lori la kesho yake.

Kijiji kilikuja. Mganga wa sasa akauliza swali lilelile, nani alimwangalia, nikasema hakuna. Wanawake wakanishika mikono. Hilarion, amevua kinyago, analia waziwazi, akaniambia, "Dada Basilia, safari hii ulifanya inavyopasa. Kuchukuliwa amechukuliwa mzima. Hakuna atakayekuita lile jina tena." Na kweli, tangu siku ile hakuna aliyeniita Basilia Macho.

Nicolasa hakulia. Alitandika ngozi chini, akamlaza mumewe, akaomba wote watoke. Mimi sikutoka. Alileta bakuli la maji ya moto akaanza kumwosha. Alipofika mkono wa kulia akasimama. Kucha zilikuwa zimevunjika na zimejaa changarawe.

"Wifi," akasema. "Hizi nini?"

Nikamwambia. Yote, kama nilivyoyasema hapa.

Alisikiliza akiwa ameushika ule mkono. "Kule mgodini kwetu," akasema, "kulikuwa na waya wa umeme wa kuvuta magari ya mawe. Ulirusha watu kila mwaka. Baba alikuwa anampanda mtu kifuani, anamponda hadi akohoe. Wengine walikufa. Wengine walikohoa, wakarudi kazini wiki ya pili." Akanikazia macho. "Ile mara ya kwanza, ulifanya nini hasa? Hujawahi kuniambia."

"Nilimpiga kifuani."

"Naye?"

"Akakohoa."

Nilingoja aseme. Ningemjibu, nilikuwa na majibu, kwamba ule haukuwa uzima, kwamba aliishi nusu, kwamba wao wa mashimoni wana sheria zao na mlima una zake. Nilikuwa nayo yote hapa kooni. Hakuuliza. Alichukua kijiti akaanza kutoa changarawe kwenye kucha, kidole kimoja, kingine, anaweka kila punje pembeni kwenye kitambaa.

Alipomaliza akawaita mabinti zake. Justa alikuwa na miaka kumi na miwili, Fidelia tisa. Akawasimamisha mbele ya baba yao, na mimi nikiwa palepale, akawaambia taratibu, "Mnisikie. Siku mkinikuta nimeanguka, kwa radi, kwa jambo lolote, nikimbilieni. Mnitazame. Mnipige hadi nikohoe. Mmesikia?"

"Hata kama shangazi anakataza?" Fidelia akauliza.

Wote watatu wakanigeukia.

Sikukataza.